Boksi la sumaku na umeme la watoto: sumaku nmeipenda, umeme umenitoa jasho

Jamani nakuja kusema yangu kuhusu lile boksi la majaribio ya sumaku na umeme linalouzwa sana siku hizi kwenye mapeji ya vifaa vya shule, lile la manjano lenye picha ya mtoto ameshika globu inawaka. Nlipokuwa natafuta mimi kabla sijanunua sikupata hata mtu mmoja aliyelifungua akasema ndani kuna nini, wote ni "safi sana, imefika" na vikopa vyekundu. Jina la muuzaji silitaji, sina haja ya ugomvi. Mie nafundisha Grade 4 na 5 huku Lamu na pesa nlotoa ni zangu wala si za shule, 2,400 ya boksi na 450 ya kusafirisha, likapanda basi hadi Mokowe likalala huko siku mbili kwa sababu namba yangu ya simu iliandikwa pungufu tarakimu moja, alafu ndio likavuka na boti. Kona moja imebonyea lakini vitu vya ndani vizima.

Ndani kuna sumaku mbili ndefu nusu nyekundu nusu buluu, moja ya umbo la kwato, nne za duara, dira ndogo kama kifuniko cha soda, kiboksi cha plastiki kilichozibwa chenye vumbi la chuma, kishikio cha betri mbili, globu mbili na vikalio vyake, swichi, mota yenye feni, taa moja ya LED, waya sita za klipu zenye meno, rola ndogo ya waya wa shaba na msumari mdogo. Betri hamna. Kijitabu kina kurasa kumi na mbili na picha zimefifia.

Sasa nianze na sumaku maana hapo boksi limejitahidi. Watoto wote, na wallahi hata walimu wengine, wanaamini sumaku hushika chuma chochote, na kwao chuma ni kila kinachong'aa. Nkawaambia kila mtu alete kitu cha kwao. Zikaja sufuria, vijiko, funguo, kitasa, na mmoja kaleta dele la kahawa la nyanyake (nlimrudisha nalo mwenyewe mpaka mlangoni, nlikuwa na hofu). Sumaku ikagusishwa sufuria, kimya. "Ticha, hii imekufa." Haijafa, sufuria zetu hizi ni alumini. Dele ni shaba, nalo kimya. Kijiko kimoja kikashika na kingine kikakataa, na vyote viwili vyang'aa sawasawa, hapo darasa likawa soko la samaki. Kinachoshikwa ni chuma chenyewe, vyuma vingi vilivyochanganywa nacho, na nikeli na kobalti, basi. Na kwa faida yenu nyinyi mnaowauzia wageni madele ya kale: ukiweka sumaku likashika, hiyo si shaba tupu, kuna bati la chuma ndani limepakwa rangi.

Lile kiboksi la vumbi la chuma ndilo lililonishika mimi mwenyewe. Unaweka sumaku chini, unagongagonga kwa kidole taratibu, vumbi linajipanga lenyewe linatoka ncha hii linapinda mpaka ncha ile. Mtoto mmoja kasema sumaku imeota ndevu. Vizuri limezibwa kabisa, maana vumbi lile likigusana na sumaku yenyewe kulitoa ni kazi ya siku nzima, na likiingia jichoni ni balaa.

Alafu dira. Hapa nina malalamiko ya kweli. Kwenye boksi dira imewekewa tundu lake ubavuni kabisa mwa ile sumaku ya kwato. Siku ya kwanza ilikuwa sawa, nkawatoa watoto nje, nkawaambia kaskazini na kusini wanazijua tangu zamani kwa pepo, kaskazi na kusi, alafu tukalinganisha na kibla, maana sisi hapa Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja, kwa hivo sindano ya dira na mihrabu ya msikiti vinatazama upande mmoja takriban. Wakafurahi sana. Jumatatu tukaitoa tena, mtoto kaiangalia, kaangalia msikiti, kaniambia, "Ticha, kibla kimehamia Shela." (Shela iko upande wa kusini.)

Ikawa sindano imegeuka! Wikendi nzima imelala ubavuni mwa sumaku yenye nguvu kuliko yenyewe na sumaku ya ndani ya sindano ikapinduka, nyekundu sasa yatazama kusini. Hili si jambo la ajabu, dira ndogo za bei rahisi hufanya hivo, lakini mtu aliyepanga boksi alitakiwa ajue. Nkachukua ile sumaku ndefu nkaipitisha juu ya kioo cha dira upande mmoja tu, mara ya nne au ya tano ikarudi. Ukinunua, siku hiyohiyo toa dira weka mbali, kabati nyingine kabisa. Na usiamini rangi za sumaku pia, moja yangu imepakwa kinyume, nyekundu yake na nyekundu ya mwenzake zashikana badala ya kusukumana. Nliligundua mbele ya watoto 46, fikiria sura yangu.

Kabla sijatoka kwa sumaku niwape hii. Kuna kijana darasani babu yake ni fundi wa majahazi Matondoni. Kaniuliza, "Ticha, babu asema mitepe, vile vyombo vya zamani, ilishonwa kwa kamba kwa sababu baharini kuna mwamba wa sumaku ung'oao misumari ya vyombo, ni kweli?" Nkafurahi vibaya sana, maana kisa hiki ni cha kale, kimesimuliwa pwani nyingi za Bahari ya Hindi na hata Wazungu wa zamani wamekiandika. Sikumjibu. Tukaweka msumari mezani, rula pembeni, sumaku ndefu tukaisogeza polepole. Sentimita sita hakuna kitu, tano hakuna, nne msumari ukatikisika, tatu ukaruka. Yaani nguvu ya sumaku yaporomoka haraka ukienda mbali kidogo tu. Sasa huo mwamba ulio chini ya maji ung'oe msumari uliopigwa kwenye mti mgumu, ungekuwa na nguvu gani? Darasa zima likasema ni hadithi tu. Yeye kakaa kimya alafu kasema, "Labda mwamba ni mkubwa." Sikumkosoa, ndio swali hasa la kuuliza. Nlimwongezea tu kwamba chombo cha kushonwa kwa kamba za usumba hulegea kidogo kikigonga mchanga au mwamba, hakipasuki upesi, kwa hivo mafundi walikuwa na sababu yao ya kushona hata bila sumaku.

Haya, umeme sasa.

Kabla sijagawa chochote nliwaambia wachore betri na globu na waya vipi globu itawaka. Wengi, na si kidogo, wamechora waya mmoja tu kutoka betri hadi globu. Na wana haki, nyumbani mtoto aona waya mmoja watoka ukutani kwenda kwenye pasi, feni, tivii. Kijitabu hakina neno kuhusu hili, chaanza tu na picha ya sakiti iliyokamilika, mtoto anaiga picha inawaka na hajajifunza kitu. Mie nkachukua waya wa pasi mbovu (umekatwa kwenye plagi, tena nimeuonyesha kwanza kwamba haujaunganishwa popote) nkaupasua kwa wembe mbele yao. Ndani zikatoka tatu, ya kahawia, ya buluu, na ya kijani yenye mstari wa manjano. Kukawa "aaaah" ya darasa zima. Umeme waenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwengine (wa kijani ni wa usalama tu), njia ikikatika popote globu yazima. Wembe wa shilingi kumi umefundisha kuliko boksi.

Alafu tukaja kwenye globu mbili kwa mstari mmoja, na hapa boksi limenidanganya live. Watoto wengi huamini globu ya kwanza hula umeme, ya pili yapata makapi. Jaribio la kuwatoa hapo ni kuonyesha kwamba zote zawaka sawa, hafifu lakini sawa. Nmeunganisha, moja yang'aa na nyingine kama jicho la paka aliyelala! "Si tulikwambia ticha!" Jasho. Nkazichomoa nkazisogeza karibu na macho, maandishi madogo kwenye shaba ya globu, moja imeandikwa 2.5V na nyingine 3.8V. Si aina moja! Kwenye boksi la kufundishia! Nkabadilisha nafasi zao, ile yenye mwanga zaidi ikabaki na mwanga zaidi hata ikiwa ya pili, kwa hivo tukaokoa somo, hata naona lilikuwa bora zaidi, lakini mzazi asiyejua kusoma maandishi yale akiwa nyumbani na mtoto wake atamfundisha uongo na hatajua.

Globu ya 2.5 haikuishi sana. Kijana kaleta ile betri ya mraba ya volti 9 kutoka kwao, kaigusisha nlipogeuka ubaoni, mwanga mmoja mweupe na kwaheri. Za akiba hamna.

Waya wa shaba nao una hila yake. Ni wa kuzungusha kwenye msumari upate sumaku ya umeme, lakini umepakwa vanishi nyembamba ambayo macho hayaoni, waonekana shaba tupu. Tukazungusha, tukaunganisha, wapi. Kijitabu hakisemi ukwangue ncha mbili kwa msasa, na usipokwangua umeme hauingii. Tulipokwangua, kwa mizunguko 25 msumari ukabeba pini 5, tukafika 50 ukabeba 11, na watoto wenyewe ndio waliosema tuongeze. Msumari tuliotumia ni wa jahazi, ametuletea yule kijana wa Matondoni, wa kwenye boksi ni mdogo mno. Betri ikitolewa pini zaanguka isipokuwa moja au mbili zang'ang'ania, maana msumari hubaki na usumaku kidogo. Usiache umeunganishwa zaidi ya sekunde kumi hivi, waya wapata moto na betri zakwisha, mie nmemaliza jozi mbili asubuhi moja.

Na jaribio tamu kuliko yote halimo kabisa. Weka dira (iliyopona) mezani, pitisha waya juu yake sambamba na sindano, gusa betri kidogo tu. Sindano yageuka. Mwaka 1820 Ørsted wa Denmark aliona hivohivo, waya wenye umeme wasogeza sindano ya dira, na ndio watu wakaanza kujua umeme na sumaku ni ndugu. Vifaa vyote vimo ndani ya boksi, betri tu ndio yako, na kijitabu kimeviandika kama majirani wasiosalimiana, sumaku ukurasa wa 1 hadi 6, umeme 7 hadi 12.

Klipu nazo tayari zina kutu, lakini moja ni kosa langu mwenyewe, tulijaribu kupitisha umeme kwenye kikombe cha maji ya bahari, tukaona vipovu vidogo vyapanda kwenye klipu, watoto wakapiga kelele, na kesho yake klipu moja imeoza meno. Zilizobaki ni hewa ya chumvi tu, zihifadhini kwenye mkebe unaofunga.

Wenye watoto wadogo nyumbani nisikizeni, zile sumaku nne za duara ni ndogo na zina nguvu, mtoto akimeza mbili huvutana kupitia kuta za matumbo na kuyatoboa, hiyo ni hospitali mbio wala si kungoja itoke. Mie nmezitoa kwenye boksi nmeziweka juu ya kabati. Na waambieni kabisa majaribio ni ya betri tu, mbili zatoa volti 3, ukutani kuna 240, mara themanini.

Ununue? Kama wewe ni mwalimu na utakaa nalo jioni moja peke yako kwanza ujue mitego yake, sawa. Kama ni zawadi ya kumpa mtoto akacheze mwenyewe, hapana. Sumaku kubwa ya spika mbovu mafundi redio wa hapa hukupa kwa mia au bure kabisa ukimwomba vizuri, ina nguvu kuliko zote za kwenye boksi, na waya na mota za mitumba hawakosi. Ambacho hupati kwao kirahisi ni dira na lile kiboksi la vumbi.

Muuzaji nlimwandikia kuhusu globu mbili tofauti, kanijibu "pole sana dada tutaangalia" na ni wiki ya tatu sasa. Nyota tatu. Na kama yupo mtu Lamu au hata Malindi anauza globu za 2.5V reja reja aniandikie hapa chini, nataka sita, na ziwe za aina moja tafadhali.