GT 730: jina moja, karti mbili! Tafuta piloti yake hivi

Jambo sana bandugu, leo tuko na GT 730, karti grafiki munayoikuta mu mashini nyingi za okazio hapa Bukavu, na nianze na kile kinanikasirisha kabisa: NVIDIA walitoa iyi karti mwaka 2014 na jina moja, lakini ndani ingine ni Fermi, ingine ni Kepler (vizazi viwili vya chip za NVIDIA, Fermi njo ya zamani), na piloti zao za mwisho, ao draiva, ile programu inayoiwezesha Windows kuendesha karti, si moja!

Musikimbie, juu hapa njo watu wanamalizia mega bure. Angalieni ku ekra: nafinya Windows na X, naingia Gestionnaire de périphériques (liste ya vifaa vya mashini), nafungua karti, naenda ku Détails, nashusha ile liste mpaka ku numero za matériel. Munaona? VEN_10DE, hiyo ni NVIDIA tu, haitoshi, sogea mbele kidogo: DEV_1287. Iyi yangu ni Kepler. Ungesoma DEV_0F02, basi ni Fermi, na Fermi piloti yake ya mwisho ni 391.35, ya mwezi wa tatu 2018, usijisumbue kutafuta mpya, haiko. Kepler inachukua familia ya 470, mises à jour zake za usalama zilifika mwezi wa tisa 2024 wakafunga. Zote ziko bure ku site ya NVIDIA yenyewe, zile site za "driver updater" zenye kuomba malipo achana nazo kabisa.

Piloti ya zamani itoe kwanza na DDU, programu ya kufuta piloti, mu mode sans échec (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu), kisha weka ingine, na umeme ukiwa unakuja na kuondoka ngoja utulie kwanza.

Na mukienda kununua, musidanganywe na 128-bit, upana wa njia ya memori, yenye kuandikwa ku karto! Ile ya memori DDR3 ya 128-bit njo Fermi, kori (vichakataji vidogo vya ndani) 96 tu, ile ya 64-bit njo Kepler yenye kori 384. Mi nasema ukweli, bei zikikaribiana mi nachukua GTX 750 Ti, ni ya 2014 vilevile lakini ni Maxwell, kizazi chenye kufuata Kepler, NVIDIA waliendelea kuitolea piloti miaka mingi kuliko hizi, na nyingi haziombi kebo ya umeme ya pembeni.

Video ijayo ni Radeon HD, juu mumeomba sana. Wenye GT 730, andikeni DEV yenu hapo chini nitawajibu, na kama ni 0F02 bado hujalipa, muuzaji apunguze bei.