Nanga za ardhini na kutu: ipi ununue ukijenga Nyanda za Juu Kusini

Nilifukua nanga, yaani chuma kinachozikwa ardhini kushikilia kitu kisivutwe, ya mnara mdogo wa intaneti kwenye kilima kimoja nje ya Tukuyu. Sehemu iliyokuwa ndani ya zege ilikuwa nzima, hata mikunjo ya nondo inaonekana. Pete ya juu ya kufungia waya nayo ilikuwa salama. Tatizo lilikuwa shingoni, pale chuma kinapotoka kwenye zege na kupita kwenye udongo kabla ya kuona jua. Nondo ya milimita 16, baada ya miaka tisa, ilikuwa imebaki 11. Milimita tano zinasikika ndogo, lakini piga hesabu ya eneo la mkato: imebaki chini ya nusu ya chuma nilicholipia. Niliinunua mwenyewe, kwa hiyo wa kulaumiwa namjua.

Kwa hiyo ukiingia duka la vifaa vya ujenzi, Mwanjelwa ya Mbeya au Miyomboni ya Iringa, usiulize tu "hii inashika kutu?" Uliza shingo yake italindwa na nini, halafu ujue udongo wako. Rungwe mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka na ardhi haikauki. Mahali chai inapostawi, Rungwe au Mufindi, udongo una tindikali. Chai yenyewe inapenda pH (kipimo cha tindikali, namba ikishuka tindikali inazidi) ya 4.5 hadi 5.5, wakati zinki inaanza kuliwa haraka pH ikishuka chini ya 6. Iringa mjini ni pakavu zaidi, nanga ileile itadumu zaidi. Mbuga za Usangu zina udongo mweusi unaoshika maji masika na kupasuka kiangazi, hewa inaingia hadi chini. Mahali pa namna hiyo usibane matumizi.

Nikipanga kwa ubora tu, ya kwanza ni nanga yenye ganda la plastiki lenye mikunjo, iliyojazwa uji wa saruji kiwandani, kisha ikajazwa uji mwingine nje ya ganda baada ya kuingizwa shimoni. Sababu ya ganda ni hii: nanga inapovutwa, saruji inayoizunguka inapasuka nyufa nyembamba, na maji hayahitaji mlango mkubwa. Plastiki haipasuki. Kwa viwango vya Ulaya, nanga inayokaa zaidi ya miaka miwili inahesabiwa ya kudumu na inatakiwa kinga ya aina hii. Kama ukuta wako wa kuzuia udongo unashikilia nyumba ya jirani au barabara, nunua hiyo, na mhandisi aipime kwa kuivuta kabla hujamlipa mkandarasi. Kwa banda la kitalu au tenki la lita 2,000, ni kumchinja ng'ombe kwa ajili ya mchuzi wa mtu mmoja.

Kwa wengi wetu, ninayoipa namba moja ya mfukoni ni chuma kilichozamishwa kwenye zinki ya moto. Kiwango cha kimataifa kinadai wastani wa unene wa zinki wa maikroni 85 (maikroni 1,000 ni milimita moja) kwa chuma kinene kuliko milimita 6. Ile inayong'aa kama kijiko kipya, au yenye rangi ya dhahabu ya mafuta juu ya maji, imepakwa zinki kwa umeme, na mara nyingi haifiki hata maikroni 15. Ni nzuri kwa bawaba za mlango. Ardhini, achana nayo. Muuzaji atakuambia zote ni "galvanaizi", na kwa neno hajadanganya.

Namna ya kuzitofautisha bila kifaa: ya kuzamishwa ni ya kijivu iliyofifia, ina matone yaliyoganda pembeni, na ukipitisha kidole inakwaruza kidogo. Kisha chukua nati ya kawaida kutoka kwenye boksi jingine, ijaribu kwenye uzi wake. Zinki nene inajaza uzi, kwa hiyo nati yake lazima iwe imechongwa pana zaidi. Nati ya kawaida ikiingia laini kwa vidole mpaka mwisho, shuka bei au ondoka.

Nanga za nyaya za chuma kigumu zinazovutwa kwa jeki ni habari nyingine, usizipeleke kuzamishwa. Chuma cha nguvu nyingi kinaweza kuwa tete kwa haidrojeni inayokiingia kwenye matayarisho ya kuzamisha, na kukatika bila kutoa onyo.

Ya tatu itawashangaza wengine: nondo tupu, lakini nene kuliko inayohitajika, ndani ya uji mzuri wa saruji. Hitaji likiwa 16, weka 20. Zile nne ni za kutu. Saruji ina pH inayozidi 12 na chuma kinatulia humo. Ila uji uwe uji kweli: ndoo moja ya lita 20 kwa mfuko wa kilo 50, si ndoo mbili kama mafundi wanavyopenda ili utiririke wenyewe. Na nondo isimame katikati ya shimo, si kulala kwenye udongo.

Nondo iliyopakwa epoksi, ganda gumu la plastiki, naishusha nafasi ya nne, si kwa ubaya wake bali kwa ubaya wa safari. Inafika kutoka Dar juu ya lori, inaburutwa, inakunjwa kwa bomba, na kila mkwaruzo ni tundu ambalo kutu yote inakusanyika hapo.

Rangi nyekundu ya geti ni ya geti. Lami inasaidia shingoni tu. Oili chafu, ambayo kila fundi wa Uyole ana dumu lake, inazuia saruji kushikana na nondo. Hiyo si kinga, ni kilainishi.

Kuna jambo moja lililoila nanga yangu ya Tukuyu kuliko tindikali: athi ya radi, yaani njia ya kupeleka radi ardhini. Fimbo ya shaba ilikuwa imeungwa na mnara, na kwenye udongo mbichi shaba na chuma vikiunganishwa vinakuwa betri, chuma ndicho kinachotafunwa. Safari hii fundi umeme ameweka fimbo za chuma kilichofunikwa zinki badala ya shaba. Nanga mpya ni ya kuzamishwa, milimita 20, na zege nimelipandisha sentimita 15 juu ya ardhi likiwa na mgongo, maji yasisimame. Kila mvua zikiisha Mei naenda na jembe, nachimba kando ya shingo, naangalia.