Nyayo za Rocky mjini Philadelphia: ngazi ni za bure, filamu yenyewe iko chini ya reli

Nianze na hukumu, maana najua wengi mtasoma aya moja na kuondoka. Ukienda Philadelphia kwa ajili ya Rocky, ile filamu ya bondia wa mtaani aliyeigizwa na Sylvester Stallone, ngazi za makumbusho alizozikimbia zipe muda wa saa moja tu, alfajiri, halafu siku iliyobaki uimalizie kwenye mitaa ya Kensington na South Philadelphia. Watu wengi hufanya kinyume. Wanashuka kwenye basi, wanapanda ngazi, wananyoosha mikono juu, picha, wanarudi kwenye basi. Hao wameona bango la filamu, filamu hawajaiona.

Hakuna mlango mmoja wala tiketi moja ya kuzunguka sehemu hizi. Zimetapakaa mjini, nyingi ni bure, na treni ya SEPTA, shirika la usafiri la mji, inakufikisha karibu kote kwa nauli isiyofika dola 3 kwa safari. Zipo pia kampuni za kukutembeza kwa gari. Moja nimeipanda, jina naliacha. Kiongozi wake alikuwa mcheshi, filamu zote anazo kichwani, anaigiza hadi sauti ya kocha. Lakini tulipofika Kensington gari halikusimama hata dakika moja. Tulionyeshwa kwa kidole dirishani, "pale, pale, mmeona?", na dereva akakanyaga mafuta. Sasa hapo nimelipia nini? Kesho yake nikamwomba shemeji yangu, mwenyeji wa mji ule kwa miaka mingi, twende kwa treni na miguu. Tathmini hii inatokana zaidi na siku hiyo ya pili.

Ngazi kwanza, kwa sababu hata mimi sikuweza kuziruka. Ziko 72 mbele ya Makumbusho ya Sanaa ya Philadelphia. Zimegawanywa kwa mafungu, na kati ya fungu na fungu kuna uwanda mdogo. Ule uwanda ndio unaokudanganya: unadhani umepumzika, kumbe mapaja yanapoa tu na fungu linalofuata linakukuta umelegea. Nilikimbia. Nilifika juu nikiwa nimeshika ubavu, na nikajifariji kwamba hata Rocky mwenyewe mara ya kwanza alifika vilevile. Juu kabisa kuna nyayo za raba zilizotengenezwa kwa shaba na kuzamishwa kwenye sakafu, na jina lake. Simama hapo, geuka. Barabara ya Benjamin Franklin Parkway inanyooka mbele yako mpaka jengo la City Hall, na juu ya mnara amesimama William Penn, mwanzilishi wa mji. Ndiyo picha ile ile. Alfajiri tulikuwa na wakimbiaji wachache tu wa mtaani, wenye kuzikimbia kila siku bila kunyoosha mikono. Kufika saa nne, nusu ya dunia iko pale na kila simu inapiga wimbo uleule.

Asili ya tukio hilo inanipendeza kuliko tukio lenyewe. Garrett Brown, mwenyeji wa Philadelphia, alikuwa amebuni Steadicam, kifaa cha kumfunga mpiga picha mwilini ili akimbie na kamera bila picha kutikisika. Katika kukijaribu alimpiga picha mpenzi wake akikimbia kwenye ngazi hizi. John G. Avildsen, mwongozaji wa Rocky, alipoiona ile picha akataka kujua ngazi hizo ziko wapi. Kwa hiyo mtu wa kwanza kukimbia hapo mbele ya kamera ile alikuwa mwanamke. Sanamu hana.

Sanamu anayo mwenzake. Ni ya shaba, ndefu kuliko mtu yeyote utakayesimama naye, kazi ya A. Thomas Schomberg. Stallone mwenyewe ndiye aliyeiagiza kwa ajili ya Rocky III, filamu ya 1982, na katika filamu hiyo ilikaa juu ya ngazi. Baada ya hapo wakaanza kubishana: hii ni sanaa au ni kifaa cha sinema? Ikapelekwa kwenye ukumbi wa michezo wa Spectrum, ikarudishwa, ikaondolewa tena, hadi 2006 ilipopewa nafasi chini ya ngazi, pembeni kwenye miti. Nilipokwenda mimi ilikuwa hapo, na foleni yake haikuwa ya mchezo. Karibu yake alikuwepo jamaa wa kofia nyeusi na koti la ngozi, anayepiga picha na wageni kwa bakshishi. Sura imeshabihiana na ya Stallone kiasi, sauti kabisa. Mpe dola zake, anafanya kazi.

Neno moja kuhusu makumbusho: ingia. Wengi hugeuzia mgongo mlango wa jumba lenye kazi za wasanii kama Cézanne na Duchamp ndani. Ijumaa jioni na Jumapili ya kwanza ya mwezi unalipa unachojisikia, basi hakuna kisingizio.

Sasa Kensington, na hapa nitakaa kidogo.

Panda treni ya L kutoka katikati ya mji kuelekea Frankford. Ikishatoka chini ya ardhi inapanda juu ya nguzo za chuma, na wewe unaanza kuangalia mapaa ya nyumba zilizobanana ukuta kwa ukuta, viwanda vilivyokufa, kuta za matofali mekundu yenye maandishi ya biashara zisizokuwepo tena. Shuka York-Dauphin. Ukifika mtaani unaelewa mara moja kwa nini walipachagua: reli iko juu ya barabara ya Front Street kama dari, jua linafika kwa kuibia, na treni ikipita watu wanasimamisha mazungumzo katikati ya neno, wanasubiri, wanaendelea walipoachia. Hakuna anayeshangaa. Katika filamu, Rocky anatembea chini ya reli hii usiku akiwa peke yake na mpira wake mkononi, na mimi miaka yote nilidhani ule upweke umetengenezwa na taa. Nguzo zenyewe zinatosha.

Namba 2147 North Front Street ndiyo iliyokuwa sura ya jimu ya Mickey, kocha wa Rocky. Sikuona kibao wala alama. Ng'ambo ya barabara ndipo lilipokuwa duka la samaki na wanyama alikofanya kazi Adrian, mpenzi wa Rocky, duka la kweli, limekwisha kufungwa. Wale kasa wawili wa Rocky, Cuff na Link, walitoka humo, na Stallone anasema hao hao walirudi kwenye filamu ya Rocky Balboa ya 2006. Kasa wamelishinda duka.

Shemeji alinisubiri nimalize kutazama ukuta, akauliza, "Ndani je?"

Ndani hakuna, na hili lazima ujue kabla hujakata tiketi ya ndege. Filamu ilikuwa na bajeti ya kama dola milioni moja na ilipigwa kwa siku 28 tu. Philadelphia walikuja mwishoni mwa 1975 na kikundi kidogo, wakachukua mitaa na milango, wakaondoka. Jimu ya ndani ilikuwa Main Street Gym, Los Angeles. Lile ghala la nyama ambako anapiga mapande ya ng'ombe yaliyoning'inizwa lilikuwa Vernon, California. Ulingo wa pambano la mwisho, Los Angeles pia. Barafu wanayoteleza yeye na Adrian, California vilevile. Kwa hiyo mtu akikuambia atakuonyesha "bucha halisi ya Paulie", kaka yake Adrian, mjini Philadelphia, mshukuru na uendelee na safari yako.

Nilidhani taarifa hiyo ingeniharibia siku, lakini ikanifanya nitazame vizuri zaidi. Kama walichokuja kuchukua hapa ni mitaa, basi mitaa ndiyo urithi wenyewe.

Kutoka hapo unaweza kuendelea hadi East Tusculum Street, mtaa wa chumba cha Rocky, karibu na kituo cha Somerset. Ni uchochoro mwembamba wa nyumba za ghorofa mbili, kila moja na vidaraja vyake vitatu mlangoni. Kabla hatujashuka, shemeji alinishika mkono. "Shemeji, simu mfukoni. Huku watu wana msiba wao, usije ukawafanya sinema." Alikuwa na haki. Kensington Avenue ni moja ya sehemu zilizoumizwa vibaya zaidi na dawa za kulevya Marekani. Utaona watu wamekunjika kiunoni wamesimama, hawaanguki, hawainuki. Utaona pia mama anamvusha mtoto barabara kwenda shule, duka la mboga limefunguliwa, fundi anabadilisha tairi. Ni mtaa, watu wanaishi. Nyumba ya kwenye filamu nayo ina wenyewe, kwa hiyo hukai vidarajani na hugongi mlango. Nenda mchana, nendeni wawili, tembea kama mwenye shughuli. Mzee mmoja aliyekuwa anafagia kibarazani alitutazama tu, akasema "Rocky?", akaelekeza kwa ufagio na kuendelea na kazi yake. Huduma bora ya siku nzima, na ya bure.

Nimetoa nyota nyingi kwa Kensington kwa sababu hii: kwenye vibanda vya video tulikokulia, sheria ilikuwa moja, stelingi hashindwi. Rocky anashindwa. Majaji wanagawanyika na bingwa, Apollo Creed, anaondoka na mkanda wake. Alichotaka yule bwana ni kumaliza raundi 15 akiwa amesimama, kitu ambacho Chuck Wepner alikikosa kwa sekunde 19 tu mbele ya Muhammad Ali mwezi Machi 1975, pambano lililompa Stallone wazo la hadithi. Kwenye ngazi kila mtu anashangilia kana kwamba alishinda. Chini ya reli unaelewa kwa nini kusimama tu kulitosha.

South Philadelphia nitaipitia haraka, kwa kuwa ni rahisi na haina presha. Soko la Kiitaliano la 9th Street bado ni soko: maturubai, makreti ya mboga, samaki kwenye barafu, wauzaji wasio na muda na wewe. Hapa ndipo muuzaji alipomrushia Stallone chungwa akikimbia, bila kuwa kwenye mpango, na likabaki kwenye filamu. Mwisho wa soko kuna Pat's, kibanda cha mikate ya nyama, ambako chini kwenye lami kuna kibao pale aliposimama Stallone. Mkate wa nyama na jibini ni mzito na mtamu, foleni inakwenda mbio, uwe umeamua unachotaka kabla hujafika dirishani.

Jioni tulikula Victor Café, Dickinson Street, mgahawa uliotumika kama Adrian's, mgahawa wa Rocky kwenye filamu ya Rocky Balboa. Ulianza kama duka la magramafoni, na kuta zote zimejaa picha za waimbaji wa opera. Wahudumu wenyewe ndio wanaoimba. Yule dada aliyetuletea mkate aliweka trei pembeni, kengele ikalia, akafungua koo, na shemeji, mtu asiyejali muziki wowote wa Kizungu, akasahau uma hewani. Chakula ni kizuri bila kuwa cha ajabu na bei yake utaisikia. Weka nafasi mapema.

Makaburi ya Laurel Hill yana jiwe la Adrian Balboa, lililobaki baada ya filamu ya 2006. Watu huweka maua. Mimi nilijisikia vibaya kidogo kumtembelea marehemu asiyewahi kuzaliwa huku nikiwapita wa kweli tangu 1836. Ukikosa muda, acha hilo.

Usichoacha ni North Broad Street namba 2917. Joe Frazier, bingwa wa Olimpiki wa Tokyo 1964, mtu wa kwanza kumshinda Ali katika ngumi za kulipwa, Machi 8, 1971, alikuwa na jimu yake hapo. Frazier alifanya kazi machinjioni katika mji huu na kupiga nyama kwa ngumi zamani kabla Rocky hajaandikwa, na kwenye filamu ya kwanza anaonekana kwa muda mfupi akipanda ulingoni kusalimia. Jimu ilifungwa, jengo likawa duka la samani. Mwaka 2013 liliingizwa kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria. Sanamu yake ilizinduliwa 2015, kule kwenye viwanja vya michezo kusini mwa mji, miaka minne baada ya kufariki. Bondia wa kubuni alikuwa na yake tangu miaka ya themanini.

Siku tuliyokwenda, mbele ya jengo lile tulikuwa sisi wawili tu. Kwa nyota: ngazi nne, zingekuwa tano bila umati. Kensington tano. Soko nne. Victor Café nne. Gari la watalii moja, na hiyo ni ya sauti ya kocha. Kwa North Broad sitoi nyota, naandika maelekezo: treni ya Broad Street, kituo cha North Philadelphia, tembea dakika chache, angalia juu ya mlango.