Bakuli la kauri la ukutani: ligeuze kwanza, utazame kitako

Malalamiko ya wasomaji wangu yanafanana: bakuli limenunuliwa kwa bei ya kuumiza, fundi kalipachika ukutani kwa chokaa, kisha likadondoka. Fundi ndiye anayelaumiwa. Mimi nauliza kitako kikoje. Watu hutazama maua na rangi, hawaligeuzi bakuli. Kitako kilichopakwa mng'aro, ule utando wa kioo unaochomewa juu ya udongo, wote hadi chini kinateleza, chokaa haina pa kushika.

Kwa hiyo chaguo langu la kwanza ni Longquan, la mkoa wa Zhejiang, China, na sifichi mapenzi yangu. Ni la kijani kilichotulia, zito, na chini yake mara nyingi huachwa duara lisilopakwa, lililoiva wekundu tanurini. Kauri hii ndiyo iliyofika miji ya kale ya pwani yetu, Kilwa na Gedi, katika karne ya 14 na ya 15. Chungu kilichofinyangwa hapa hapa pwani kilikuwa katika kila jiko. Lakini bakuli la China lilimtambulisha mwenye nyumba ya mawe kuwa ana mkono katika biashara ya bahari. Heshima hiyo ilimfuata hadi kaburini: kule Mambrui, pwani ya Kenya, nguzo ya kaburi ilipachikwa mabakuli ya China ya enzi ya wafalme wa Ming. Longquan bado wanachoma kauri hiyo, na mwaka 2009 UNESCO iliuingiza ufundi wao katika orodha ya urithi.

La pili ni Jingdezhen, la China pia, buluu na nyeupe. Kwenye kidaka, kile kishubaka cha ukutani, linapendeza mno, maana linasimama lenyewe. Kwa kupachika sina imani nalo: ukingo mwembamba tu wa kitako ndio usio na mng'aro.

La Iran lina samawati ya kuvutia, lakini udongo wake ni laini. Melamini, ile ya plastiki, iacheni mezani.

Linalonikera ni wauzaji wanaonong'ona, "Hili la kale, limetoka magofuni." Kama ni kweli, ni wizi. Nendeni Kaole, Bagamoyo, mkaone mashimo ya mviringo kwenye nguzo za makaburi, mabakuli yametoka. Mambo ya kale yanalindwa na sheria, Tanzania tangu 1964, Kenya kwa sheria ya 2006. Kama ni uongo, unalipishwa bakuli jipya kwa bei ya marehemu. Mwambie muuzaji ayaandike maneno hayo kwenye risiti, na sahihi yake chini.