Uzoefu wangu wa kujiandaa na mtihani wa leseni ya Daraja E hapa Tanga

Kwa yeyote aliyeko Tanga mjini, Muheza, Pangani au Korogwe ambaye tayari ana Daraja D na anataka kupanda Daraja E ili aendeshe malori, naeleza hapa mafunzo niliyoyapata katika chuo kimoja cha binafsi cha udereva, ambacho sitakitaja jina kwa kuwa nina ya kukisifu na nina ya kukilaumu. Naitanguliza hukumu yangu: katika kulikagua lori, kulisimamisha na kulirudisha nyuma likiwa na tela, mafunzo yale yalinifaa kuliko ada niliyoilipa, lakini katika masomo ya darasani yana pengo ambalo mwanafunzi hana budi kuliziba mwenyewe.

Mwalimu wetu, mzee aliyewahi kuendesha malori ya njia ya Zambia, hakumruhusu mtu kuwasha injini kabla ya kulizunguka gari lote. Kila asubuhi, baada ya shikamoo, aliuliza jambo lile lile: "Mwanangu, niambie mtungi wa nyuma una maji au hauna, ndipo nikupe ufunguo." Sisi tuliotoka kwenye gari ndogo hatukuwa tumewahi kufikiria kwamba breki zinaweza kuingia maji. Kumbe breki za lori hutumia hewa iliyoshindiliwa kwenye mitungi, na kompresa, yaani pampu inayoijaza, huvuta hewa ya kawaida pamoja na unyevu wake, na katika hali ya hewa ya pwani yetu unyevu huo ni mwingi. Hewa inapopoa ndani ya mitungi, maji hujitenga na kutuama chini, na yasipotolewa kwa koki hupunguza nafasi ya hewa na kuleta kutu katika mabomba na vali. Baada ya hapo tulisubiri geji ya hewa ipande, tukazuia magurudumu yasiserereke, tukazima injini, kisha tukakanyaga breki na kuishikilia huku tukitazama kama mshale unashuka na kusikiliza kama kuna mahali panapovuja.

Somo hili ndilo lililonibadilisha zaidi. Nilikuwa nikiamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba lori lililoegeshwa hushikwa na upepo, yaani hewa hiyo ya kwenye mitungi. Ukweli ni kinyume: linashikwa na springi zenye nguvu, na kazi ya upepo ni kuzirudisha nyuma springi hizo ili magurudumu yawe huru. Ndiyo maana upepo ukipungua sana breki hujifunga zenyewe, na dereva anayelazimisha kuliondoa gari katika hali hiyo anaharibu gari na anahatarisha watu. Tangu nilipoelewa hivyo, kengele ya upepo mdogo kwangu ni amri ya kutafuta mahali salama pa kusimama mapema, kabla springi hazijakaba katikati ya barabara.

Kuhusu miteremko, barabara ya kutoka Tanga kwenda Segera haina mlima wa kutisha, kwa hiyo sehemu kubwa ya somo hili tuliipata kwa maelezo. Mwalimu alitueleza habari za miteremko mikali ya Kitonga na Sekenke, na akasisitiza kwamba gia ya kushukia huchaguliwa kabla ya kuanza kushuka, kwa sababu anayetegemea pedali peke yake huzipasha moto breki hadi zinapoteza nguvu, na kujaribu kurudisha gia ndogo wakati lori limeshachukua kasi kunaweza kumwacha bila gia kabisa.

Kurudisha tela nyuma kunahitaji subira, kwani usukani ukienda kushoto tela huelekea kulia, na ukichelewa kurekebisha, kichwa na tela hukunjana. Hapa chuo kinastahili sifa kamili: uwanja ulikuwa mpana, kila mmoja alipata zamu yake bila kuharakishwa, na mwalimu alitufundisha kusimama, kushuka na kwenda kutazama nyuma kila tulipokuwa na shaka.

Darasani, makaratasi tuliyopewa yalikuwa yale yale ya wanafunzi wa gari ndogo. Alama za barabarani zilifundishwa vizuri, lakini hayakuwamo mambo yanayomhusu dereva wa lori hasa: kwamba gari lenye uzito unaozidi kilogramu 3,500 halipaswi kuvuka kilomita 80 kwa saa hata nje ya makazi, au kwamba chini ya sheria ya uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 uzito wa gari na mzigo hautakiwi kuzidi tani 56, huku kila ekseli ikiwa na kikomo chake. Katika mji wenye bandari, viwanda vya saruji na barabara ya kwenda mpaka wa Horohoro, mwanafunzi kumaliza mafunzo bila kufundishwa habari za mizani ni upungufu mkubwa, na nilimweleza hivyo mkuu wa chuo.

Taratibu za leseni ya mafunzo, mtihani mbele ya askari wa usalama barabarani na hatimaye leseni kutoka TRA hazikunipa taabu. Siku ya mtihani niliagizwa kwanza nilikague lori, na nilifanya kwa utulivu kwa kuwa mikono ilikwishazoea.

Lawama yangu kubwa ni kwamba tela letu lilikuwa tupu wakati wote. Lori lenye shehena huchelewa kusimama na huelemea kwenye kona kwa namna ambayo tela tupu haiwezi kuionyesha. Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada katika chuo chochote, ombeni kuliona lori la mafunzo lenyewe, muulize kama mtaliendesha likiwa na mzigo, na muulize pia kama mtaendesha usiku, kwa sababu sisi hatukuendesha usiku hata mara moja.