Krapi wa maji ya tope: rangi gani ya chambo ununue kwanza

Ikifika Machi, maduka ya vifaa vya uvuvi huku kusini mwa Marekani hujaza ukuta mzima pakiti za chambo bandia cha krapi, samaki bapa wa maziwani; ni visamaki vya plastiki laini vinavyovalishwa ndoano. Rangi hazihesabiki, na kila moja ina jina lake la mbwembwe. Mwaka wangu wa kwanza Memphis nilitoka dukani na pakiti 14, nikarudi kutoka ziwani na samaki 2. Haya ni ya yule anayesimama mbele ya ukuta ule na dola 20 mfukoni.

Nazungumzia maziwa kama Sardis, Enid na Grenada, kaskazini mwa Mississippi. Ni mabwawa yaliyojengwa kuzuia mafuriko, na mvua za majira ya kuchipua huyafanya kama chai ya maziwa. Tope lenyewe halimfukuzi samaki huyu: krapi mweupe anayeshikilia rekodi ya dunia, pauni 5 na aunsi 3, alivuliwa Enid mwaka 1957. Maji yakikaribia nyuzi 60 za Farenhaiti, krapi husogea pembeni kutaga, kwenye vichaka vilivyomezwa na maji, mara nyingi mahali ambapo ungeweza kusimama bila kulowa kifua.

Kabla ya kutoa hela, yapime maji unakokwenda. Shusha jigi nyeupe, yaani ndoano yenye kichwa kizito iliyovalishwa chambo, taratibu huku ukiitazama. Ikipotea ndani ya shubiri moja, hilo ni tope hasa, na orodha hii ni yako. Ikionekana mpaka dhiraa, una nafasi ya kuchagua.

Namba moja, bila kusita: nyeusi yenye mkia wa shatruzi. Shatruzi ni ile njano inayoingia kijani, rangi ya reflekta za bodaboda. Watu hudhani kazi yote inafanywa na mkia. Sivyo. Krapi hupenda kushambulia kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo anachokiona ni kivuli kilichokatwa dhidi ya mwanga wa juu, na hakuna kinachotoa kivuli kizito kuliko nyeusi. Mkia unaong'aa humwonyesha kwamba kivuli kile kinatikisika. Kwenye tope unanunua utofauti wa rangi mbili zilizokaa pamoja; mng'ao peke yake ni nusu ya bidhaa.

Ya pili ni chungwa na shatruzi. Udongo unaoelea majini hula kwanza mwanga wa bluu, na ule unaopenya chini hubaki na wekundu na manjano, ndiyo maana chungwa huendelea kuonekana pale ambapo bluu imeshageuka kijivu. Siku ya jua kali mimi huanza na hii. Mawingu yakitanda, narudi kwenye nyeusi.

Ya tatu ni waridi na nyeupe, nzuri zaidi maji yanapoanza kutulia siku kadhaa baada ya mvua. Nyeusi tupu naiweka ya nne, ingawa alfajiri hunipa samaki wengi kuliko inavyostahili nafasi hiyo.

Za kuacha ukutani ni zile zinazopitisha mwanga: fedha, moshi, maziwa yenye vimetameta. Ni nzuri mkononi, na kwenye maji maangavu zinavua kweli. Kwenye tope zinayeyuka tu. Na usihangaike na aina tano za rangi ileile, moja imekoza na nyingine imefifia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwapima besi, jamaa wa krapi katika ukoo mmoja, wakaona wanatambua nyekundu na kijani vizuri, lakini shatruzi na nyeupe huwachanganya, na bluu iliyokoza na nyeusi pia. Krapi si besi, ila matokeo hayo yalinitosha kuacha kununua bluu iliyokoza juu ya nyeusi niliyokuwa nayo.

Ujanja wa kuokoa hela: nunua pakiti moja ya nyeusi na kichupa cha dawa ya rangi ya kuchovya mikia, kama Spike-It ya shatruzi. Unachovya mwenyewe, na namba moja na namba nne zinatoka pakiti moja. Vaa glovu, mke wangu alikaa wiki nzima akicheka vidole vyangu. Ongeza pakiti ya chungwa na shatruzi, za inchi 2, mfano wa Baby Shad za Bobby Garland. Hela ikibaki, chukua jigi mbili za Road Runner za aunsi 1/16. Kile kibati kinachozunguka chini ya kichwa hutikisa maji, na samaki asiyeona vizuri hukisikia.

Ukifika nyumbani usizimwage zote kwenye kisanduku kimoja. Plastiki laini hutoa rangi. Nyeusi yangu ililala na waridi na nyeupe majira yote ya baridi, na Machi nikakuta lundo la rangi ya matope. Ziache kwenye pakiti zake. Na ziwani, kichaka kikikaa kimya dakika 10, hama kichaka kwanza. Rangi ubadilishe baada ya vichaka vitatu.