Pedali ya Fazi Niliyokaribia Kuirudisha

Wiki mbili za kwanza niliichukia pedali yangu ya fazi, kile kiboksi cha kukanyaga kinachoikwaruza sauti ya gitaa la umeme. Nilishalitafuta hadi lile boksi lake, nikaikunja karatasi ya maelekezo kama nilivyoikuta, nikawa nangoja Jumatatu niirudishe nilikoinunua. Sauti yake ilikuwa kama nyuki waliofungiwa kwenye debe: kali, nyembamba, haina kiuno. Nikipunguza volyumu ya gitaa haitulii, inabaki na ukali uleule ila kwa mbali. Na kila niliyemuuliza aliniambia utamu wa pedali za aina hii uko hapohapo, kwenye volyumu ya gitaa.

Kosa lilikuwa langu. Nitalifikia.

Pedali yenyewe ni ya transista mbili (vipande vidogo vya kukuza umeme) za gerimani, yaani ile elementi, si nchi, imefuata mchoro uleule wa Fuzz Face, pedali ya fazi iliyotoka London mwaka 1966. Aliyeiunda ni fundi mmoja anayefanya kazi peke yake. Simtaji kwa kuwa nina malalamiko mawili huko mbele na sitaki yamfuate. Ni kiboksi cha chuma kizito kuliko kinavyoonekana. Juu kina nobu mbili, moja ya volyumu na moja ya fazi, halafu swichi ya kukanyaga. Hakuna taa. Hakuna tundu la adapta. Betri ya volti 9 iko ndani, na kuifikia unafungua skrubu nne.

Hilo la skrubu ndilo lalamiko la kwanza. Pedali ya namna hii inawaka pale unapochomeka waya wa gitaa, si unapokanyaga swichi. Ukimaliza mazoezi ukauacha waya ndani, betri inaliwa polepole hata kama humo chumbani hakuna mtu. Saketi yenyewe haina tamaa, inakula chini ya miliampia moja, kwa hiyo betri moja inaweza kukukalia miezi. Mimi nilisafiri nikauacha waya wiki tatu na ushei. Niliporudi sauti ilikuwa inakatika katikati ya noti kama redio inayohama stesheni, na nikaanza kutafuta bisibisi nikiwa nimeshachelewa mazoezi. Fundi angeweka kifuniko cha kuvuta kwa kidole, angeniokolea ule mfadhaiko.

Sasa lile kosa langu. Mbele ya kila kitu, kati ya gitaa na fazi, nilikuwa nimeweka pedali ya kutyunia, ile ya kuonyesha kama nyuzi zimekaa sawa. Wengi tunaiweka hapo, na kwa pedali nyingine haina ubaya. Ila hiyo yangu ina bafa: saketi ndogo inayopokea mawimbi ya gitaa, inayapa nguvu, ndipo inayapitisha. Kwa fazi ya transista mbili hiyo ni sumu. Mlango wa kuingilia wa saketi hii una ukinzani mdogo sana, kiloomu chache tu, kwa hiyo inazilemea pikapu (nasema zile sumaku zilizosukwa waya chini ya nyuzi, si gari la mizigo) na kuwa kitu kimoja nazo. Ukigusa volyumu ya gitaa, hupunguzi kelele tu; unaongeza ukinzani baina ya pikapu na transista ya kwanza, na tabia yote ya pedali inabadilika. Ukiweka bafa katikati umeweka mkalimani anayesahihisha maneno ya kila upande. Pikapu na transista hazionani tena.

Niligundua kwa bahati. Waya mmoja mfupi ulikufa, sikuwa na wa akiba, nikachomeka gitaa kwenye fazi moja kwa moja ili niendelee tu. Nikapiga uzi wa sita mtupu. Nilisimama kidogo. Sauti ilikuwa imenenepa, inakoroma kutoka kifuani, na mwisho wa noti ulikuwa unayeyuka taratibu badala ya kukatwa na kisu. Nikashusha volyumu ya gitaa kutoka 10 hadi 7: ukwaruzaji ukapungua nusu. Nikashusha hadi 4: sauti safi kabisa, tena inang'aa kuliko gitaa lenyewe bila pedali. Kanyagio liko chini muda wote, sijagusa kitu sakafuni. Nilikaa juu ya ampu, kile kikuza sauti chenye spika, na kuizungusha ile nobu huku na huko karibu saa nzima, napiga noti zilezile tatu. Boksi likarudi juu ya kabati.

Kwa hiyo ukienda kujaribu fazi popote, usiipime volyumu ya gitaa ikiwa 10 peke yake. Kwenye 10 karibu zote zinakupiga kofi la kwanza lilelile, na kofi hilo ndilo linalouza. Shusha hadi 7, piga. Shusha hadi 4, piga tena. Hakikisha gitaa limeingia kwenye fazi bila kupita kwenye kitu kingine, na uulize kama kuna kifaa kisichotumia waya, maana nacho ni bafa vilevile. Gitaa lenye pikapu za betri pia litakudanganya. Nobu ya fazi kwenye pedali yenyewe mimi naiweka karibu na mwisho na kuisahau. Kazi yote naifanya kwa kidole kidogo cha mkono wa kulia.

Ampu nayo ina neno. Fazi ikiingia kwenye ampu safi yenye sauti ndogo, inasikika imekaa juu ya muziki kama mafuta juu ya maji. Ampu ikiwa imefunguliwa kiasi cha kuanza kukwaruza yenyewe kidogo, vitu viwili vinaungana na zile kingo kali zinalainika. Mazoezi ya chumbani kwa sauti ya kunong'ona hayakupi picha ya kweli, na wengi wanaoilaani fazi nadhani wameisikia hapo tu. Dawa ya haraka, kama huwezi kufungua ampu, ni pedali ya ovadraivu, ile inayokwaruza kwa upole, baada ya fazi, ikiwa imewekwa chini sana.

Lalamiko la pili ni joto, na hapa simlaumu fundi sana kwa kuwa gerimani ndiyo ilivyo. Transista hizi zinavujisha umeme hata zikiwa zimetulia, na joto likipanda mvujo unapanda nao. Saketi ikahama mahali pake. Nina mita, nikapima: jioni ya baridi kolekta, mguu mmojawapo wa transista, kwenye ile ya pili ilikuwa volti 4.6, karibu kabisa na nusu ya betri, na mafundi wengi hapo ndipo wanapopalenga. Siku nyingine nikaiacha dirishani jua likiipiga nusu saa. Kipimo kilikuwa kimekimbia mbali, na noti zikaanza kupasuka na kufa mapema kama pipi inayong'atwa badala ya kumung'unywa. Jukwaani chini ya taa kali ilinifanyia hivyohivyo katikati ya solo. Baadhi ya watengenezaji wanaweka kiskrubu cha kurekebishia au nobu ya tatu kwa ajili hiyo. Yangu haina, na niliponunua sikujua kuuliza. Sasa naiweka sakafuni kivulini mwa ampu, nikionekana mshirikina.

Usiku ule wa jukwaani ndio ulionipeleka kwa pedali ya pili, yenye transista za silikoni. Fuzz Face zenyewe zilihamia silikoni miaka michache tu baada ya kuanza, kwa sababu hizo hizo: silikoni haibabaiki na joto, na kila transista inafanana na mwenzake. Inatoa nguvu zaidi, noti inadumu zaidi, na juu kuna wembe. Ni pedali ya kuaminika. Volyumu ya gitaa inaifanyia kazi, ila si kwa upole ule. Kuna sehemu kati ya 8 na 6 ambapo yangu inaruka ghafla kutoka vita hadi amani bila ya mazungumzo. Na inanasa redio. Sitanii, usiku mmoja nikiwa nimeacha kupiga nilisikia mtu akisoma habari ndani ya spika. Nikaiuza baada ya miezi minne, bila kinyongo.

Ya tatu ni ya ukoo wa Big Muff, ule mchoro wa kampuni ya Electro-Harmonix wa mwisho wa miaka ya 1960. Humu mna transista nne, na katikati diodi zinazokata vilele vya mawimbi mara mbili mfululizo, ndiyo maana noti inavutika kama gundi. Bafa mbele yake haiisumbui hata kidogo, kwa hiyo kama mpangilio wako umeshajaa pedali na hutaki kupangua, anzia hapa. Nikiwa peke yangu chumbani niliiona ndiyo mwisho wa safari: ukuta wa sauti, pana, unaweza kuuegemea. Nikaenda nayo mazoezini. Wimbo wa pili haujaisha mpiga besi akanisogelea, akaniinamia sikioni.

"Kaka, gitaa lako limekwenda wapi?"

"Si hili hapa! Ampu iko nusu."

"Nakuona unapiga. Sikusikii."

Alikuwa sahihi. Nobu ya toni kwenye mchoro huo, ikiwa katikati, inachimba shimo kwenye sauti za kati, na gitaa katika bendi linaishi humohumo kwenye sauti za kati. Chini besi na dramu wameshajaza, juu matoazi wanapiga kelele zao, wewe umebaki na nafasi zilizokwishakaliwa. Nilisukuma toni upande mmoja, nikaongeza sauti za kati kwenye ampu, nikarudi kusikika kiasi, lakini ule ukuta wa chumbani haukurudi tena. Ile ya gerimani, yenye kelele ndogo zaidi kwa sikio la chumbani, inapenya bendi nzima bila jasho.

Kitu kimoja zinachofanana zote tatu, na ambacho hakuna aliyenionya: hazipendi nyuzi nyingi kwa pamoja. Ukipiga noti mbili, fazi inazaa nyingine zisizokuwepo, jumla na tofauti ya hizo mbili. Noti ya kwanza na ya tano za skeli zinapatana vizuri, ndiyo maana magwiji wa fazi wanazing'ang'ania. Ongeza ile ya tatu ya skeli, mambo yanavurugika. Nyuzi sita kwa mkupuo ni kumwaga sufuria sakafuni. Ukitaka uzipige zote, rudi kwenye 4 ya volyumu. Inasaidia kukumbuka fazi ilitokea wapi. Mwaka 1961 ulitoka wimbo wa mwimbaji Marty Robbins uliorekodiwa Nashville, Marekani, humo mpiga gitaa Grady Martin akipiga besi ya nyuzi sita kupitia mlango mbovu wa meza ya kuchanganyia sauti studioni. Sauti ikatoka imechanika, wakaiacha. Fundi mitambo Glenn Snoddy akaichunguza ile hitilafu hadi akaigeuza kifaa, na kampuni ya magitaa ya Gibson wakakitoa mwaka 1962 kwa jina la Maestro FZ-1: transista tatu za gerimani, betri mbili za volti 1.5. Waliiuza kama kitu cha kulifanya gitaa liige tarumbeta na saksafoni. Hata Keith Richards wa Rolling Stones mwaka 1965 alipoikanyaga kwenye "Satisfaction", ule mdundo unaojulikana na kila mtu, alikuwa anawawekea nafasi wapiga tarumbeta tu. Na tarumbeta hupiga noti moja kwa wakati. Tangu nilipoanza kupiga fazi kana kwamba nahitaji kuvuta pumzi kati ya sentensi, nusu ya matatizo yangu yaliisha yenyewe.

Mambo madogomadogo. Pedali ya wawa, ile ya kukanyaga juu na chini hadi gitaa lilie "wa-wa", ikiwa mbele ya fazi ya transista mbili inapoteza mwondoko wake, na mara nyingine zote mbili zinapiga filimbi. Iweke nyuma yake. Kama transista za gerimani zako ni za aina ya PNP na fundi hakubadilisha kitu, upande wa chanya ndio uliounganishwa na ardhi, kinyume cha pedali za kawaida, kwa hiyo usithubutu kuiunga kwenye adapta moja pamoja na nyingine. Betri za kaboni, zile nyepesi ambazo watu wanazidharau, mimi nazipendelea humu kuliko alkalini. Zikianza kuchoka sauti inakuwa laini na ya kuchanika kidogo, na kuna nyimbo mbili tunapiga ambazo nangojea betri ichoke. Mwenzangu wa dramu anasema hizo ni ndoto zangu. Huenda, ila skrubu nne zile nimeshazifungua na kuzifunga mara ishirini kwa ajili ya ndoto hiyo.

Ile ya gerimani sasa ndiyo ya kwanza baada ya gitaa, imefunikwa kitambaa cheusi upande unaoelekea taa. Pedali ya kutyunia imehamia mwisho wa mstari. Na ile ya ukoo wa Big Muff iko kwa mpiga besi. Aliiomba kwa jioni moja, ajaribu tu, na shimo lile la sauti za kati kwake halina shida kwa kuwa kitako chote anabaki nacho. Tangu hapo kila nikimuuliza ananiambia ameisahau nyumbani, na kila mazoezi naiona iko miguuni pake inawaka.